Fumbo usimfumbie mgonjwa

Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua. Methali hii tuliikariri tukiwa shule ya msingi na wengi wetu tuliimeza bila kuitafuna. Matokeo yake ni kwamba tumekua tukiamini kuwa anayefahamu mafumbo ana akili, na asiyeyafahamu ni mjinga, mkaidi au mtovu wa adabu. Imani hiyo imo majumbani, imo mashuleni, na jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba imo pia katika baadhi ya vyumba vya madaktari.

Nasema ni imani potovu. Miongoni mwetu wamo watu wengi ambao kushindwa kwao kufahamu fumbo, kejeli au nahau hakutokani na ujinga wala jeuri bali na namna ubongo wao ulivyoumbika au ulivyodhuriwa. Yupo mtoto mwenye usonji. Yupo mzee aliyepatwa na kiharusi, na nyanya ambaye kumbukumbu zimeanza kumpotea. Yupo mgonjwa wa skizofrenia, na yupo pia mtoto aliyeponea malaria ya ubongo. Hawa wote huadhibiwa, huchekwa au hupewa jina baya kwa kosa ambalo si lao.

Tuanze na mtoto. Chukua mfano wa mvulana wa miaka minane mwenye usonji ambaye amemwaga maji sakafuni. Mamake anamkemea: "Rudia uone!" Mtoto mwingine angenywea papo hapo, kwa kuwa anajua kwamba maneno hayo ni onyo. Huyu wetu amesikia vitenzi viwili tu: rudia, kisha uone. Basi anarudia, tena kwa hamu, ili aone hicho anachotakiwa kukiona. Anachokiona ni kofi. Kwa upande wake amechapwa kwa sababu ya kutii, na usifikiri atakuwa na hamu ya kutii tena kesho.

Kiswahili cha kulea watoto kimejaa maneno ya aina hii. "Endelea tu." "Haya, vunja na kingine." "Unadhani mimi ni rafiki yako?" Mtoto mwenye usonji akiulizwa swali hili la mwisho hujibu ndiyo, kwa sababu ameulizwa. Mwalimu akifoka, "Nani amekwambia utoke nje?" atamjibu kwamba hakuna aliyemwambia. Huo ni ukweli mtupu, lakini darasani utahesabiwa kuwa kiburi. Viboko vilipigwa marufuku katika shule zetu tangu mwaka 2001, ila sote twajua kwamba marufuku hayo hayakufika katika kila darasa. Mtoto anayejibu swali la hasira kwa ukweli huwa wa kwanza kuonja fimbo hizo zisizo halali.

Wataalamu wameshughulikia jambo hili kwa muda mrefu. Daktari Leo Kanner, aliyefanya kazi Baltimore nchini Marekani, alichapisha mwaka 1943 maelezo ya watoto 11 waliokuwa na hali tunayoiita usonji leo. Mwaka uliofuata Hans Asperger wa Vienna akaandika kuhusu watoto wanaofanana nao. Kanner aliona kwamba watoto wale walichukua maneno jinsi yalivyo. Hata hivyo aliona pia jambo jingine ambalo husahauliwa mara nyingi, akaliandikia makala yake mwaka 1946. Watoto walewale waliodaiwa kutojua mafumbo walikuwa na mafumbo yao wenyewe! Mtoto mmoja alitamka maneno mawili yaleyale kila alipoona kitu kinachofanana na sufuria. Watu walidhani anapayuka ovyo, mpaka ilipojulikana kwamba siku moja mamake alikuwa akimwimbia wimbo wa watoto wenye maneno hayo, na katikati ya wimbo sufuria ikamponyoka ikaanguka. Tangu siku hiyo sufuria na maneno yale yakawa kitu kimoja katika akili ya mtoto.

Kwa mtoto yule maneno yale yalikuwa na maana kamili. Ni sisi tulioshindwa kulifumbua fumbo lake. Ukifuata kanuni ya wahenga wetu sawasawa, itabidi useme kwamba mjinga hapo alikuwa daktari.

Mnamo 1993 mtafiti wa Uingereza, Francesca Happé, alitoa matokeo yaliyosomwa sana kuhusu suala hili. Alitenganisha ngazi tatu za usemi, na ningependa kuzieleza kwa mifano ya kwetu. Ukisema "Juma ana mbio kama swara", neno "kama" limekwisha kukuonyesha kwamba ni mlinganisho. Ukisema "Juma ni swara", msikilizaji lazima atambue kwamba hukukusudia maneno yenyewe, kwani Juma hana pembe. Na ukimwambia Juma aliyefika wa mwisho katika mashindano, "Kweli wewe ni swara!" msikilizaji anapaswa kutambua unachofikiri juu ya Juma na pia unachotaka Juma afikiri juu ya maneno yako. Happé aligundua kwamba watu wenye usonji walioweza kukisia fikira za wengine kwa kiasi fulani walifaulu katika ngazi ya pili, lakini kejeli ilihitaji uwezo mkubwa zaidi. Ngazi ya kwanza haikuhitaji uwezo huo.

Maelezo hayo yalipendwa sana, pengine kupita kiasi. Mwaka 2005 Courtenay Norbury, naye wa Uingereza, alionyesha kwamba kwa watoto aliowapima, ujuzi wa lugha wenyewe, yaani wingi wa maneno anayoyajua mtoto na upana wa maana zake, ndio uliotabiri vyema zaidi kama ataelewa sitiari. Mwaka 2018 watafiti waliojumlisha tafiti nyingi za aina hii waliona kwamba watu wenye usonji wakilinganishwa na wengine wenye kiwango sawa cha lugha, tofauti ile kubwa iliyozoeleka hupungua mno.

Nawaomba wazazi wasilipite jambo hili haraka. Kama shida ingekuwa ukuta ndani ya kichwa cha mtoto, tungeweza tu kumhurumia. Lakini ikiwa sehemu kubwa ya shida ni lugha, basi lugha hufundishwa. Methali hufundishwa, nahau hufundishwa, na hata kejeli inaweza kuelezwa mpaka ikafahamika. Nimechoshwa na habari zinazosema kila mara kwamba mtu mwenye usonji "hawezi" kuelewa lugha ya mafumbo, kana kwamba ni hukumu iliyokwisha kutolewa na haina rufaa.

Mzazi anayetilia shaka na ajisikilize mwenyewe kwa siku moja. Twapiga simu, twapiga pasi, twapiga deki, twapiga picha, twapiga magoti, twapiga kura, na katika yote hayo hakuna anayepigwa. Mtoto mwenye usonji aliyekulia katika nyumba ya Waswahili haogopi kwamba pasi italia. Amelisikia neno hilo mara elfu na moja, akalichukua kama jina la kazi. Vivyo hivyo kuhusu "kuaga dunia" au "kutia chumvi" ikiwa amefunzwa. Kinachomtatiza ni fumbo jipya, fumbo lililotungwa papo hapo, na zaidi ya yote sauti inayosema kinyume cha maneno.

Kwa mtoto wa mjini mambo ni magumu zaidi. Asubuhi anazungumziwa lugha ya mama, darasani Kiingereza, na uwanjani anakutana na Sheng, lugha inayobadilika kabla hujaizoea. Akiulizwa na wenzake "Form ni gani?" anaweza kuwajibu kwamba yuko darasa la sita. Watacheka, naye hatajua wanachocheka. Wiki mbili baadaye hataki tena kwenda uwanjani.

Yapo mafumbo mengine ambayo sisi watu wazima tunayaita adabu. Hayo ndiyo hunitia wasiwasi zaidi kwa upande wa afya. Fikiria mtoto mwenye usonji ambaye babuye amefariki. Anaambiwa kwamba babu amelala, au amepumzika, au ametutoka, au ametangulia. Ikiwa babu amelala, mbona hawamwamshi, na mbona wanamfukia? Ikiwa ametoka, atarudi lini? Baadaye mtoto huyo akikataa kulala usiku, wazazi humpeleka kwa daktari wakisema ameanza ugonjwa mwingine. Ugonjwa wenyewe ni lile neno. Anayestahili heshima kwa mtoto huyu huambiwa hivi: "Babu amekufa. Moyo wake umeacha kupiga (naam, hata moyo hupiga). Mwili wake hausikii maumivu. Hatarudi nyumbani, na sisi tuna huzuni." Najua maneno hayo huonekana makavu mbele ya wafiwa. Hata hivyo mtoto huyo atalala.

Au chukua msichana mwenye usonji aliyefika umri wa kubalehe, ambaye shangazi yake anamwambia kwamba sasa amevunja ungo. Mara hiyo atashtuka, kwani hajagusa ungo wa mtu. Wenzake wa mjini watamwambia kwamba "wageni wamefika" na atakwenda mlangoni kuwatazama. Msichana huyu anapaswa kuelezwa mapema, miezi kadhaa kabla, kwamba damu itatoka, itatoka wapi, itachukua siku ngapi, na kwamba si jeraha. Hali kadhalika kuhusu usalama wake. Tunapowaonya watoto kwamba wasikubali mtu "kuwachezea", mtoto anayechukua maneno yalivyo atashangaa, kwa kuwa kuchezewa ni jambo zuri. Majina kamili ya viungo vya mwili, hata kama hutufanya tuinamishe macho, humlinda mtoto huyo kuliko methali kumi za maadili.

Madaktari na wauguzi nao wasijione kwamba hayawahusu. Katika zahanati zetu mgonjwa huulizwa "Umepata choo?" naye mtu wa aina hii atakuonyesha choo kilipo, maana alikipata akiingia. "Haja kubwa" na "haja ndogo", "sehemu za siri", "siku zako", yote hayo ni mafumbo yaliyofunikwa kwa kitambaa cha heshima. Ukimwuliza mgonjwa kama ana sauti anazozisikia, atasema ndiyo: ya kwako. Jibu hilo likiandikwa katika faili bila kufuatiliwa laweza kumpatia mgonjwa dawa asizozihitaji.

Sasa tugeukie watu wazima, hasa waliopatwa na kiharusi. Hapa kuna jambo ambalo familia nyingi hazijaelezwa. Upande wa kushoto wa ubongo ndio unaotawala usemi kwa watu walio wengi, na ndio unaoongoza mkono na mguu wa kulia. Kwa hivyo mtu akipooza upande wa kulia, mara nyingi usemi nao huharibika. Jamaa huona, husikitika, humtafutia mtaalamu. Lakini aliyepooza upande wa kushoto, ambaye ubongo wake umedhuriwa upande wa kulia, huendelea kusema vizuri tu. Watu humshukuru Mungu kwamba akili imebaki salama. Baada ya miezi michache nyumba imejaa ugomvi na hakuna anayejua sababu.

Mwaka 1977 Ellen Winner na Howard Gardner wa Marekani walieleza jaribio moja ambalo mpaka leo hutajwa. Waliwasomea wagonjwa sentensi yenye nahau, mathalani ile ya mtu kuwa na moyo mzito, kisha wakawaonyesha picha nne wachague inayofaa. Picha moja ilikuwa ya mtu anayelia. Nyingine ilikuwa ya mtu anayejikokota amebeba moyo mkubwa kama gunia. Wagonjwa walioumia upande wa kushoto wa ubongo, ambao walitatizika kusema, waliielekeza mikono kwenye picha ya anayelia, na ile ya moyo wa gunia ikawachekesha. Walioumia upande wa kulia waliichagua mara nyingi picha ya moyo wa gunia, wala hawakuona kichekesho chochote. Ajabu ni kwamba wengi wao walipoombwa kueleza maana ya nahau kwa mdomo waliieleza vizuri. Maana waliijua. Kilichokuwa kimelegea ni kamba inayoifunga maana hiyo na mambo yalivyo mbele yao.

Hebu mpeleke mtu huyo katika familia ya Kikenya. Wageni wamekaa hadi saa tano za usiku na mkaza mwana anasema kwa upole, "Baba, naona wageni wametoka mbali." Mzee anakubali kwamba wametoka mbali, kisha anaanza hadithi nyingine. Kwenye kikao cha posa wazee wa upande wa pili wanasema wamemwona ndama mzuri katika zizi hili. Mzee, ambaye zamani ndiye aliyekuwa msemaji wa ukoo, anawajibu kwamba ng'ombe waliuzwa mwaka jana. Watu wanatazamana. Mtu anamtania kwa nia njema, naye anakasirika. Mwanawe anasema mzee amekuwa na kiburi tangu augue. Mkewe analia jikoni akidhani hapendwi tena, kwa sababu mumewe hatambui sauti yake ikibadilika.

Yote hayo yana bei yake. Nchini mwetu mambo ya shamba na mirathi huzungumzwa kwa kuzungukazunguka. Asiyefahamu kidokezo aweza kutia sahihi au kidole gumba katika hati ambayo hakuielewa nia yake. Na kuna upande wa pili ulio mbaya vilevile: wapo jamaa watakaodai kwamba kwa kuwa mzee haelewi tena methali, basi akili imemtoka na mali ipewe wengine. Wote wawili wanakosea. Mtu huyu akielezwa kwa maneno ya wazi kwamba hati hii inauza ekari mbili kwa fulani kwa bei fulani, na aulizwe aeleze alichoelewa, mara nyingi ataamua jambo lake barabara. Mawakili, machifu na maafisa wa ardhi wangefanya vyema kuuliza namna hiyo.

Kuhusu wazee wanaopotelewa na kumbukumbu nitasema machache. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1988 ulionyesha kwamba wagonjwa wa Alzheimer walitatizika na methali na nahau hata pale walipoelewa maneno ya kawaida. Mwaka 2001 Costanza Papagno wa Italia, aliyewafuatilia wagonjwa kwa muda, aliona kwamba uwezo huo haukuwa wa kwanza kupotea kwa wengi wao. Kwa hivyo asitokee mtu wa kumpima nyanya yake jikoni kwa methali tatu na kumtangazia ugonjwa.

Upimaji huo wa methali una historia, na hapa ndipo nina ugomvi na baadhi ya matabibu. Kwa miaka mingi madaktari wa maradhi ya akili wamekuwa wakiwaomba wagonjwa waeleze maana ya methali. Mwaka 1956 Donald Gorham wa Marekani alitengeneza kipimo kamili cha namna hiyo. Mantiki ni kwamba mgonjwa wa skizofrenia au mwenye dhara katika sehemu ya mbele ya ubongo atashikilia maneno yenyewe na kushindwa kupanda hadi kwenye wazo. Ni kweli kwamba wagonjwa wengi hufanya hivyo. Lakini mwaka 1977 Nancy Andreasen, mmoja wa mabingwa wa fani hiyo, aliwapa madaktari majibu ya watu kuhusu methali wayapime, akaona kwamba madaktari wenyewe hawakuafikiana vya kutosha na kwamba kipimo hicho hakikutofautisha magonjwa vizuri.

Kama kipimo kilitatiza huko Marekani, ambako daktari na mgonjwa walikuwa na lugha moja, hali yetu ni ipi? Mtu aliyezaliwa Siaya au Kitui anaulizwa na daktari aliyezaliwa kwingine maana ya "mchelea mwana kulia hulia yeye". Neno "mchelea" hatalisikia sokoni wala katika matatu. Au aulizwe maana ya "mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani". Nakuhakikishia, ndugu msomaji, kwamba nusu ya watu wanaolisoma gazeti hili, wakiwa na akili zao timamu na kikombe cha chai mkononi, hawajui kwamba tezi na omo ni nyuma na mbele ya chombo cha baharini, na kwamba ngama ni chini kabisa ndani yake. Mvuvi wa Lamu aliye mgonjwa anaweza kuieleza, na profesa wa Nyeri aliye mzima akashindwa. Kipimo kinachotoa majibu kama hayo kinapima ulikozaliwa.

Tabibu ataniambia kwamba methali ni sehemu ndogo tu ya mazungumzo, na kwamba hakuna daktari mwenye busara anayetoa uamuzi kwa jibu moja. Nakubali, na kwa daktari mwenye busara sina neno. Mimi nazungumzia ile kliniki yenye foleni ndefu, ambapo daktari ana dakika kumi, na jibu moja lililoandikwa "anashindwa kufikiri kwa kina" hubaki katika faili miaka na mikaka. Anayetaka kutumia methali na aitumie katika lugha ya kwanza ya mgonjwa, achague ambayo jamaa wa mgonjwa wamethibitisha kwamba alikuwa akiitumia, na aandike jibu lenyewe neno kwa neno ili daktari mwingine alisome na kuamua.

Kwamba kazi hii inaweza kufanywa kwa uangalifu hapa nchini si ndoto. Huko Kilifi watafiti waliwafuatilia watoto walioponea malaria kali, na badala ya kuleta vipimo vya Ulaya jinsi vilivyo, walitayarisha vipimo vya usemi na lugha vinavyolingana na watoto wa pale na lugha yao. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005 yalionyesha kwamba takriban mtoto mmoja kati ya wanne waliougua malaria kali alikuwa na upungufu katika angalau eneo moja kubwa lililopimwa. Kwa watoto ambao hawakuugua, alikuwa mmoja katika kumi. Miongoni mwa mambo yaliyoathirika kwa walioponea malaria ya ubongo ni lugha ya ngazi ya juu na matumizi ya lugha katika mazungumzo. Mtoto kama huyo hutoka wodini akitembea, anakula na kusalimia, na mzazi hufunga faili. Miaka minne baadaye anaitwa mzito darasani, na hakuna anayekumbuka homa ile.

Shuleni methali zina alama. Katika mtihani wa KCPE, uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, mtahiniwa alitarajiwa kuipamba insha yake kwa methali na nahau, na mtaala wa sasa wa umilisi unaendelea kuzifundisha. Sitaki ziondolewe. Kiswahili bila methali ni mchuzi usio na chumvi, na mtoto mwenye usonji ana haki ya kuonja kama wengine. Ninachotaka ni zifundishwe kwake kama tunavyofundisha hesabu: methali moja kwa wakati, picha mbili kwenye ukurasa, moja ya maneno yenyewe na nyingine ya maana, kisha mifano ya wakati gani husemwa na nani humwambia nani. Wengine huzipenda hivyo mpaka wakawapita walimu wao, maana watoto hawa wakipenda jambo hulichimba. Katika mtihani, asiadhibiwe kwa swali la kukisia nia ya mhusika wakati kinachopimwa ni sarufi. Na darasani iwe ni ruhusa kuuliza "una maana gani?" bila wenzake kuangua kicheko.

Wapo watakaosema tunawadekeza, kwamba dunia haitawasemea kwa maneno ya wazi na afadhali wazoee mapema. Lakini hatumwambii asiyeona kwamba dunia haitamwandalia ngazi na afadhali aanguke mapema. Damian Milton, msomi wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika mwaka 2012 kwamba kutoelewana huku kuna pande mbili: wenye usonji hawatuelewi sisi, nasi hatuwaelewi wao, ila mzigo wa kujirekebisha tumewatwika wao peke yao. Mimi naona hoja yake haijapata jibu.

Wataalamu wa tiba ya usemi nchini ni wachache na wengi wako katika miji mikubwa, kwa hivyo familia nyingi zitasubiri. Anayesubiri anaweza kuanza na daftari. Andika kila neno lililoleta mzozo, nani alilisema, na mgonjwa alijibu nini. Daftari hilo litamsaidia mtaalamu kuliko maelezo ya "haelewi kitu". Kama ni mtu mzima ambaye uelewa wake wa maneno umebadilika ghafla, hasa ikiwa na uso umepinda au mkono umelegea, usiandike chochote, mkimbize hospitali saa iyo hiyo. Na siku ya kliniki nenda na mtu aliyemfahamu mgonjwa kabla ya kuugua, awe ndugu, jirani au mfanyakazi mwenzake, ili daktari apate kumwuliza: zamani, mtu huyu alikuwa wa mizaha?